Dumuzi Ni Mdudu wa Mti: Barua ya Wazi kutoka Same

Kwa:
Mkurugenzi Mkuu,
Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania (TPHPA),
Ngaramtoni, Arusha.

Nakala: Mkurugenzi Mtendaji, Halmashauri ya Wilaya ya Same; Waheshimiwa Madiwani wa kata za tambarare.

YAH: DUMUZI, NYIKA YA SAME, NA VITA ALIYOACHIWA MKULIMA PEKE YAKE

Ndugu Mkurugenzi Mkuu,

Barua hii ingeweza kupita masjala, ikapigwa muhuri na kuingia kwenye faili. Imeletwa hadharani kwa sababu inaihusu kila nyumba ya tambarare ya Upare yenye gunia la mahindi, kuanzia Hedaru na Makanya kando ya barabara kuu hadi Kisiwani, Maore, Ndungu na Kihurio upande wa mashariki wa milima. Na kwa Wapare, kumwendea mkubwa kwa pamoja na mchana kweupe hakujawahi kuwa utovu wa adabu. Januari 1945 maelfu yao walikwenda hadi boma la Same kuikataa kodi ya mbiru, kodi iliyokadiriwa kwa mali ya mtu, wakakaa pale wakitaka kusikilizwa. Safari hii hakuna anayekataa kulipa. Kinachokataliwa ni kulipa peke yake.

Kwa zaidi ya miaka 40 dumuzi amehesabiwa kuwa mdudu wa ghalani. Na kwa kuwa ghala ni la mkulima, vita navyo vikawa vya mkulima: anunue dawa, achanganye, anyamaze. Hoja ya barua hii ni moja tu. Dumuzi ni mdudu wa mti. Ghalani anakuja kula, kwao ni porini, na pori si la mkulima. Yanayofuata ni maelezo ya hoja hiyo, na maombi yanayotokana nayo.

1. Aliingia kwa mlango usiokuwa na mlinzi

Jina lake la kitaalamu ni Prostephanus truncatus. Asili yake ni Mexico na Amerika ya Kati, na Afrika hakuwepo kabisa. Mwishoni mwa miaka ya 1970 wakulima wa Tabora walianza kuona mahindi yao yakigeuka unga yangali kwenye magunzi, na mwaka 1981 taarifa ikachapishwa kwamba mgeni huyo ameonekana Tanzania, mara yake ya kwanza kuonekana barani. Wananchi hawakusubiri jina la kitaalamu. Walimwita Scania, jina la malori makubwa ya wakati ule, na kweli malori ndiyo yaliyomsafirisha, maana lilipokwenda gunia la mahindi naye alikwenda.

Mwaka 1983 alikuwa ameshavuka mpaka na kuonekana Taveta, Kenya, karibu na Ziwa Jipe ambalo watu wa Upare ya kaskazini wanalitazama kila siku. Mwaka uliofuata akaonekana Togo, upande wa pili kabisa wa bara. Kabla ya karne kwisha alikuwa amefika Malawi, Zambia, Rwanda, Uganda na Afrika Kusini.

Lazima lisemwe waziwazi kwamba kwa Afrika Mashariki lango lilikuwa Tanzania. Mamlaka yenu haikuwepo wakati ule. Taasisi ya utafiti wa viuatilifu, TPRI, ambayo ndiyo iliyowazaa, iliundwa kwa sheria ya mwaka 1979, na TPHPA yenyewe imetokana na Sheria ya Afya ya Mimea Na. 4 ya mwaka 2020. Hakuna anayewabebesha dhambi za waliotangulia. Lakini mmerithi majengo, maabara na mashamba ya Ngaramtoni, na deni hili limo katika urithi huohuo.

2. Umbo lake linamsema

Mtazameni vizuri. Ni mbawakavu mdogo, milimita tatu hadi nne na nusu, rangi ya kahawia iliyokoza. Kichwa kimeinamia chini ya kifua, hata ukimtazama kwa juu hukioni, na sehemu ya nyuma imekatika wima kana kwamba imepitiwa na msumeno. Hilo ni umbo la kupekecha. Ukoo wake, Bostrichidae, ni ukoo wa watoboa mbao, na yeye ni mmoja wa wachache waliohamia kwenye nafaka bila kusahau kazi ya ukoo.

Fukusi, ambaye wazee walimjua tangu zamani, hutaga yai ndani ya punje na mtoto wake hukulia humo. Dumuzi huchimba njia kutoka punje hii hadi ile, na unga unaobaki nyuma yake ni mwingi kuliko anaoumeza. Ndiyo maana anapenda hindi lililo bado kwenye gunzi, kwa kuwa punje zimeshikana na zinampa pa kujikaza. Jike hutaga humohumo njiani. Katika joto la nyuzi 32, yai huwa mdudu kamili kwa takriban wiki nne, na nyuzi 32 si habari ya kushangaza kwa mtu wa Makanya. Ukavu nao haumzuii. Mahindi yaliyokaushwa hadi unyevu wa asilimia 9, ambayo wadudu wengine wengi wa ghala hawayawezi, yeye anayaweza. Kwa hiyo mkulima aliyefuata ushauri na kuanika mahindi yake vizuri kwenye turubai amemfungia mlango fukusi, na dumuzi bado anaingia.

Sasa tuje kwenye miti. Mapema miaka ya 1990 watafiti nchini Kenya walitundika mitego yenye harufu ya kumvutia dumuzi mbali na mashamba, katikati ya pori, wakamnasa. Walimkuta akizaliana katika mbao kavu za miti ya porini, ikiwemo ya jamii ya Commiphora, ile inayotoa manemane. Benin nako alikutwa ndani ya matawi yaliyokatwa na mbawakavu wengine wenye vipapasio virefu: wao wanalizunguka tawi kwa meno hadi linakauka, yeye anahamia. Hakuhitaji hata punje moja ya hindi ili aendelee kuishi.

Kutoka stendi ya Same hadi lango la Zange la Hifadhi ya Taifa ya Mkomazi ni kilomita chache. Ukishaingia ni nyika ya migunga na Commiphora, zaidi ya kilomita za mraba 3,000, inayoungana na Tsavo upande wa Kenya. Ni nyika ya aina ileile waliyoitega watafiti wale. Hakuna anayesema ifyekwe. Itakuwa ujinga wa kumfukuza tembo kwa kosa la mdudu, na tayari watu wa Kisiwani na Maore wana kesi zao za kutosha na tembo. Kinachosemwa ni kwamba mkulima akifagia ghala, akachoma mabaki na kunyunyiza dawa kwenye kila ufa, mdudu bado ana kwao hapo jirani, na ana mbawa. Fito na nguzo za kihenge chenyewe, zilizokatwa porini na kukauka vizuri, ni nyumba nyingine ya kumsubiria msimu ujao. Vita ya namna hiyo haishindwi na nyumba moja moja, hata ziwe na bidii kiasi gani.

3. Ushauri ni ule ule, na unaishia mlangoni mwa ghala

Haki itendeke: utafiti uliofanywa Tanzania katika miaka ya 1980 ulikuwa mzuri. Wataalamu waligundua kwamba kiambata cha pirimiphos-methyl kinamuua fukusi lakini dumuzi anakistahimili, na permethrin inamuua dumuzi lakini si tegemeo kwa fukusi. Wakavichanganya viwili hivyo, ikapatikana dawa ya unga ambayo kila duka la pembejeo linaijua, Actellic Super. Wakulima wakaambiwa waache kuhifadhi mahindi kwenye magunzi, wapukuchue, wakaushe, wachanganye dawa, wafunge. Maneno hayo yaliokoa chakula kingi, na bado ni ya kweli.

Tatizo ni kwamba hapo ndipo hadithi ilipokomea. Mjukuu wa mkulima wa mwaka 1985 anapewa ushauri uleule, sentensi kwa sentensi, na gharama yote ni yake. Dawa hupungua nguvu kadiri miezi inavyokwenda, hasa kwenye joto, na mahindi yanayotakiwa kufika mavuno yajayo yanahitaji kuchanganywa tena. Kwenye magulio dawa huuzwa kwa kupimwa, imefunguliwa kutoka pakiti yake na kufungwa kwenye karatasi ya nailoni, haina lebo wala tarehe ya kwisha muda. Mnunuzi hawezi kujua kama ni dawa, ni dawa iliyokufa, au ni chokaa. Akishaichanganya na mahindi ya watoto wake kwa mikono mitupu, na dumuzi akaendelea kula, anaambiwa hakufuata vipimo.

Kuna mifuko isiyopitisha hewa, ya PICS na mingineyo. Ni kitu kizuri na ina historia ya heshima, maana ilibuniwa na watafiti wa Chuo Kikuu cha Purdue cha Marekani kwa ajili ya kunde za Cameroon mwishoni mwa miaka ya 1980. Ndani ya gunia kuna tabaka mbili za plastiki, hewa ikiisha wadudu wanakufa. Fukusi anakufa vizuri. Dumuzi ni mtoboaji, na majaribio yameonyesha kwamba anaweza kutoboa plastiki kabla hajaishiwa pumzi. Mahindi yakiingizwa mfukoni yakiwa safi, mara tu baada ya kukauka, mfuko unafaa sana. Yakiingizwa dumuzi akiwa ameshakaa humo wiki kadhaa, mfuko wa pesa nyingi unapata matundu msimu wa kwanza. Kwa hiyo jambo la maana kuliko yote ni wakati: mkulima ajue mapema kwamba mdudu ameanza kuruka. Na hilo hawezi kuliona akiwa mlangoni kwake.

Serikali kwa nafaka yake yenyewe haifanyi mzaha. Kupitia Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula imejenga vihenge vya kisasa Babati, Makambako, Mpanda, Sumbawanga na kwingineko, vya chuma, vyenye mitambo ya kukausha na kupima. Ni uamuzi wa busara. Unaonyesha pia kwamba serikali inajua fika mdudu huyu ana nguvu gani, ndiyo maana yenyewe haihifadhi kwa kupaka unga na kuomba Mungu.

4. Kinachopotea

Uchunguzi uliofanywa Tabora mwanzoni mwa miaka ya 1980 ulikuta baadhi ya maghala ya familia yamepoteza hadi asilimia 34 ya uzito wa mahindi katika msimu mmoja wa kuhifadhi. Kwa mihogo iliyokaushwa hasara ilipita asilimia 50 ndani ya miezi minne, na mihogo iliyochachushwa ikaumia zaidi. Si kila ghala lilifikia hapo. Ila mkulima hajui ghala lake litaangukia upande gani, na hofu hiyo peke yake inatosha kumfanya auze.

Na Same siyo Tabora. Tambarare ya Upare hupata mvua ya milimita 400 hadi 600 hivi kwa mwaka, iliyogawanyika kati ya vuli na masika, na mara nyingi msimu mmoja kati ya hiyo miwili hautoi kitu. Wazee wa Makanya na kwingineko walijenga ndiva, mabwawa madogo ya kukinga maji ya mlimani usiku ili yafunguliwe mashambani mchana kwa zamu. Ni utaratibu wa karne nyingi uliojengwa juu ya ukweli kwamba hapa mwaka mzuri lazima ulishe mwaka mbaya. Dumuzi anavunja hesabu hiyo. Familia inavuna masika, inasikia sauti ya kutafuna ndani ya magunia, inauza haraka Agosti kwa bei ya kutupa, kisha Februari inanunua mahindi ya mikoa mingine kwa bei ya mwenye njaa. Kwenye takwimu za wilaya, mahindi yale yalivunwa na yakauzwa. Hakuna safu inayoandikwa "yalikimbiwa".

Halafu kuna sumukuvu. Punje iliyotobolewa ni punje iliyofunguliwa, na ukungu huingia kwa urahisi kupitia tundu la mdudu. Mwaka 2016 watu 68 waliugua Dodoma na Manyara kwa sumukuvu iliyokuwa kwenye mahindi, 20 wakafa. Ni mahindi ya nyumbani, yaliyohifadhiwa nyumbani. Baada ya hapo ulianzishwa mradi wa kitaifa wa kudhibiti sumukuvu, TANIPAC, na pongezi zinastahili. Lakini kupambana na kuvu huku mlango wake umeachwa wazi na mdudu ni kufanya nusu ya kazi.

5. Wengine wamejaribu nini

Dume la dumuzi likipata chakula hutoa harufu inayowaita wenzake, majike kwa madume. Wataalamu waliitambua harufu hiyo, wakaitengeneza maabara, na ikawa chambo cha mitego. Mtego wenyewe hauokoi mahindi, ila unasema ukweli: wiki hii wamepita wachache, wiki ijayo wengi. Nchini Ghana watafiti walilinganisha idadi ya walionaswa na hali ya hewa, na mwaka 2003 wakachapisha kazi inayoonyesha kwamba kwa kufuatilia vipimo vya hewa inawezekana kukisia ni lini mdudu ataruka kwa wingi. Tanzania ina Mamlaka ya Hali ya Hewa inayotoa utabiri wa vuli na wa masika kila mwaka. Utabiri wa dumuzi haupo.

Kuna pia adui wake wa asili, mbawakavu mwingine kutoka kwao huko huko Amerika ya Kati, aitwaye Teretrius nigrescens, ambaye kazi yake ni kumla dumuzi na watoto wake. Aliachiwa Togo mwaka 1991 na Kenya mwaka 1992. Hakuwa mwujiza. Ndani ya ghala hasara haikwisha, na kwenye nyanda za baridi hakustawi. Lakini tathmini iliyofanywa Kenya ilionyesha idadi ya dumuzi walionaswa mitegoni imeshuka baada ya yeye kuenea. Huyo ndiye askari pekee anayeweza kuingia Mkomazi bila kibali, akapanda kila mti, na asidai posho.

6. Dumuzi hatakuwa wa mwisho

Mwaka 2014 kantangaze aliingia kwenye nyanya. Mwaka 2017 viwavijeshi vamizi wakaingia kwenye mahindi yaliyo shambani. Wote wametoka bara la Amerika.

Tutazame mbali kidogo. Mwaka 2002 mbawakavu mmoja wa kijani kutoka Asia, Agrilus planipennis, aligunduliwa Michigan, Marekani, na ng'ambo ya mto katika jimbo la Ontario, Kanada. Inaaminika aliingia ndani ya mbao za kufungia mizigo. Watoto wake hula chini ya gome la miti ya jamii ya Fraxinus, wanakata njia ya maji na chakula, na mti hufa ndani ya miaka michache. Alipogunduliwa alikuwa tayari ameshakaa miaka kadhaa bila kujulikana. Makumi ya mamilioni ya miti yamekufa. Serikali ya Marekani, pamoja na fedha na maabara zake, iliweka karantini, ikakataza watu kusafirisha kuni, na Januari 2021 ikaiondoa karantini hiyo ya kitaifa kwa kukiri kwamba haikumzuia. Sasa wanategemea zaidi nyigu wadogo wanaomshambulia, kutoka kwao mdudu huyo. Walio na kila kitu walishindwa kwa sababu moja, kuchelewa.

Karibu zaidi na sisi, mwaka 2017 Afrika Kusini ilitangaza kumtambua mbawakavu mwingine wa Asia, Euwallacea fornicatus, katika bustani ya mimea ya Pietermaritzburg. Ni mdogo kuliko punje ya ufuta. Anatoboa mti ulio hai na kupanda ndani yake kuvu anayomlisha mtoto wake, na kuvu hiyo ndiyo inayoua mti. Amekausha miti ya barabarani Johannesburg, George na Knysna, na miongoni mwa miti anayoipenda ni mparachichi. Milima ya Pare imejaa miparachichi, na juu yake ipo Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Chome, inayopanda hadi kilele cha Shengena, mita 2,462, yenye misitu ya mikulo iliyonusurika shoka la wapasua mbao. Mkulima wa Mbaga au Suji akiona mparachichi wake umetoboka vitundu vidogo vyenye doa jeusi na unga mweupe, leo ampigie nani?

Kwenye bandari na mipaka sheria ya dunia ipo. Kiwango cha kimataifa cha mbao za kufungia mizigo, ISPM 15, kinataka mbao zitibiwe, kwa mfano kwa kupashwa joto la nyuzi 56 hadi kwenye kiini kwa dakika 30, kisha zigongwe muhuri. Kila paleti inayoshuka Dar es Salaam, Tanga au kuvuka Holili inapaswa kuwa na alama hiyo. Huo ni mlango wenu, Ndugu Mkurugenzi Mkuu. Wakulima wa Same hawana ufunguo wake.

Maombi

(a) Mitego ya chambo cha dumuzi itundikwe ukingoni mwa nyika, angalau mmoja katika kila kata ya tambarare ya Same, na isomwe kila wiki. Kazi hiyo haihitaji mtu mwenye shahada. Afisa ugani anaiweza, na wanafunzi wa sekondari wanaosoma kilimo wataifurahia. Matokeo yatoke kwa ujumbe mfupi wa simu. Msimu wa 2022/2023, mbolea ya ruzuku ilipoanza, wakulima walisajiliwa pamoja na namba zao za simu, na namba hizo bado zipo serikalini. Kwa wasio na simu, itangazwe misikitini, makanisani na kwenye mbao za ofisi za vijiji. Ujumbe uwe mfupi: dumuzi wameanza kuruka, pukuchua na ufunge wiki hii.

(b) Wakaguzi wa viuatilifu wapite kwenye magulio ya Same kabla ya mavuno ya masika, wachukue sampuli za dawa ya kupimwa, na majibu yatangazwe kwa umma. Hili liko ndani ya mamlaka yenu moja kwa moja na halisubiri bajeti mpya.

(c) TPHPA ikae pamoja na Taasisi ya Utafiti wa Misitu (TAFORI) na Hifadhi za Taifa, wachunguze miti gani ya nyika ya Same inamlea dumuzi, na katika hali gani: tawi lililokauka, kuni zilizorundikwa, au fito za kihenge. Mkulima aambiwe akate mti gani kwa ajili ya ghala na auepuke upi. Ni swali dogo, ila jibu lake litadumu kuliko pakiti ya dawa.

(d) Ifanyike tathmini ya wazi kuhusu Teretrius katika ukanda huu. Kama yupo, wakulima waelezwe wasimuue kwa kumdhania dumuzi. Kama hayupo au amepungua, ielezwe ni kwa nini.

(e) Kwa upande wa miti, ziwekwe picha na namba moja ya simu, ya bure, kwa wakulima wa parachichi na walinzi wa Chome, ili kitundu cha kwanza kiripotiwe kikiwa bado cha kwanza.

(f) Kwa Halmashauri ya Wilaya ya Same: bajeti ijayo iwe na kifungu chenye jina la dumuzi. Kisichokuwa na kifungu hakina afisa, hakina mafuta ya pikipiki, na hakina wa kuulizwa. Madiwani walioomba kura Hedaru, Ndungu na Kihurio wasimame kwenye baraza na kukiulizia.

Hakuna lolote kati ya haya linalozidi uwezo wa nchi ambayo imejenga vihenge vya chuma kwa ajili ya akiba ya taifa. Wakulima wa tambarare hawaombi kupewa mahindi wala dawa ya bure. Wanaomba serikali ichukue upande wake wa vita, ule wa porini na mpakani, nao waendelee na ule wa ghalani kama walivyofanya miaka yote hii.

Jibu linaombwa kwa maandishi, kabla ya watu kuanza kuvunja mahindi ya masika, na nakala zake zibandikwe kwenye ofisi za kata kuanzia Hedaru hadi Kihurio.

Wenu katika ujenzi wa taifa,
Mkazi wa Same